Kabla ya Msingi Kuchimbwa: Karne Moja ya Udongo wa Kisii na Nyamira

Sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Kisii ikiwa na watu 1,266,860 na Nyamira ikiwa na watu 605,576. Kwa wastani Kisii ilikuwa na watu karibu 960 katika kila kilomita ya mraba, na Nyamira karibu 675. Shamba la babu liligawiwa wana, la wana likagawiwa wajukuu, na leo linalouzwa ni ploti ya futi hamsini kwa mia. Mabonde yamejaa, matuta yamejaa. Vilivyobaki ni vipande ambavyo wazee walivitenga kwa kazi chafu: josho la ng'ombe lililokauka, ghala la dawa la chama cha ushirika, shimo la matofali lililojazwa taka, ukingo wa mto chini ya gereji. Hivyo ndivyo vinavyopimwa sasa na kuwekewa vigingi.

Kabla ya nyumba kujengwa juu ya kipande cha namna hiyo, kuna swali moja linalopaswa kujibiwa: hapa palifanywa nini zamani, na kilichofanywa kimeacha nini udongoni? Duniani kote swali hilo limeshindwa kujibiwa kwa wakati, na waliolipa ni watoto. Gusii, yaani eneo la Kisii na Nyamira, bado ina nafasi ya kulijibu kabla ya hasara, kwa sababu historia yake ya uchafu ni fupi, inajulikana, na waliishuhudia wengi ambao bado wako hai.

Enzi za ng'ombe na matuta

Kabla ya ukoloni, Abagusii waliishi juu ya matuta, koo kwa koo: Abagetutu, Abanyaribari, Abanchari, Ababasi, Abamachoge na Abagirango. Vijana walikaa na ng'ombe katika ebisarate, kambi za mifugo zilizokuwa pia ngome za vita. Waingereza walizivunja kambi hizo mnamo 1912 na 1913 ili kuwadhibiti vijana na kuwasukuma kwenye kazi ya mshahara. Uchafu wa enzi hiyo ulikuwa samadi, majivu na mifupa, na ardhi iliumeza wote ukawa rutuba. Hakuna alichoacha babu wa karne ya kumi na tisa kinachoweza kumdhuru mjukuu anayejenga leo.

Mambo yalianza kubadilika baada ya 1907, Waingereza walipoanzisha kituo cha utawala mahali Abagusii walipopaita Getembe, ndipo mji wa Kisii wa leo. Mwaka uliofuata Otenyo, kwa kuhimizwa na nabii Moraa, alimchoma mkuki ofisa wa wilaya, Northcote, na adhabu iliyofuata ikawa nyumba kuteketezwa na ng'ombe kutwaliwa. Mji ukasimama. Ulikaa katika ardhi inayoteremka kwenye kijito cha Nyakomisaro, ambacho huingia Mto Riana, nao Riana hujiunga na Kuja, ambao Abagusii huuita Gucha, hadi Ziwa Victoria. Tangu hapo kila kilichomwagwa mjini kilikuwa na njia ya kuteremkia.

Dawa zaingia shambani

Badiliko kubwa zaidi halikutoka mjini. Lilikuja na mazao ya biashara na mifugo ya kisasa.

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni, licha ya upinzani wa walowezi, iliruhusu Waafrika wa Kisii, Meru na Embu wapande kahawa kwa majaribio. Kahawa ilileta viwanda vya kumenyea kando ya vijito, vyama vya ushirika na maghala ya dawa. Dhidi ya chulebuni na kutu ya majani wakulima walipuliza dawa za shaba, msimu baada ya msimu. Shaba haiozi. Ilinyeshewa mvua ikaingia kwenye tabaka la juu la udongo, ikabaki humo. Baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mnamo 1989 na bei kuporomoka, wengi waliing'oa mikahawa, wakapanda migomba na majani ya mifugo, kisha wakajenga. Shaba yenyewe si ya kutisha sana kwa binadamu. Swali zito ni yale maghala, ambamo dawa za kila aina ziliwekwa pamoja, zikapitwa na wakati, zikavuja sakafuni.

Chai na pareto zilikuja pia. Pareto ina habari ya kufaa kukumbukwa: sumu ya ua lake huvunjwa na mwanga wa jua kwa muda mfupi tu. Mkulima wa Nyamira aliyeanika pareto mbele ya nyumba yake hakuacha sumu ya kudumu udongoni. Lakini mkulima huyohuyo aliwapeleka ng'ombe wake joshoni.

Josho ndilo kiini cha historia hii. Ugonjwa wa ndigana, unaoenezwa na kupe, uliwaua ng'ombe wengi Afrika Mashariki, na ng'ombe wa gredi walioanza kupendwa na wafugaji wa Gusii baada ya uhuru walikufa upesi kuliko wa kienyeji. Dawa pekee iliyoaminika ilikuwa kumzamisha ng'ombe mzima katika maji ya sumu. Nusu ya kwanza ya karne ya ishirini Kenya ilitumia aseniki. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja toksafini, dawa ya jamii moja na DDT, na baada ya kupe kuizoea, zikafuata dawa nyingine zinazooza kwa haraka zaidi. Mashamba ya walowezi upande wa Sotik yalikuwa na majosho yao kabla ya kukatwa na kugawiwa wananchi katika mpango wa makazi kama ule wa Nyansiongo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijiji vya Gusii vilijengewa ya kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali iliyachukua majosho mengi iyaendeshe yenyewe, na katika miaka ya 1990, wakati wa kubana matumizi, ikawarudishia wananchi. Mengi yalikufa hapo.

Litazame josho lililokufa. Mwanzoni kuna zizi la mawe au miti, na mwisho wake kibwawa kifupi cha kuoshea kwato. Kisha mtaro wa saruji, mwembamba kiasi ng'ombe asiweze kugeuka, unaozama ghafla ili mnyama aruke, atumbukie hadi masikioni, kisha apande ngazi upande wa pili. Mbele ya ngazi kuna sakafu ya saruji yenye mteremko, ambako ng'ombe alisimama huku maji yakimchuruzika na kurudi mtaroni. Mtaro kama huo ulibeba lita kati ya 10,000 na 20,000 za dawa. Kila msimu sakafu ya chini ilijaa tope la mavi na udongo lililolowa sumu. Vijana wa josho walishuka na ndoo, wakalichota, wakalimwaga kando, mara nyingi katika shimo lililo hatua chache tu kutoka hapo. Leo mtaro umejaa majani na mvua, mabati yameibwa, nguzo zimeoza. Lakini pale kando, palipomwagwa tope miaka thelathini mfululizo, ndipo penye majani ya kijani kuliko kote, na ndipo mnunuzi wa ploti husimama akasema pana rutuba.

Aseniki ni elementi. Haiozi, haichakai. Toksafini huweza kuchukua hadi miaka 14 kupungua kwa nusu tu. Udongo mwekundu wa matuta ya Kisii una oksaidi nyingi za chuma, nazo huikamata aseniki kwa nguvu, kwa hiyo haisafiri mbali na haifiki haraka kwenye chemchemi. Hiyo ni bahati kwa maji, si kwa mtoto, kwa sababu sumu inabaki juu, anapochezea. Bondeni mambo hugeuka. Udongo ukiwa umelowa maji muda wote na kukosa hewa, chuma hubadilika na kuiachia aseniki, ikaingia majini. Josho moja likiwa juu ya tuta na jingine likiwa kando ya kinamasi, hatari zake ni mbili tofauti, na tathmini ya namna moja haiwezi kuzipima zote mbili.

Mji wapanuka

Miongo iliyofuata uhuru iliukuza mji wa Kisii kuliko ulivyopangwa. Soko la Daraja Mbili, mitaa ya Nubia, Mwembe, Jogoo na Nyanchwa, vituo vya mafuta, mafundi wa jua kali: kila mmoja aliacha chake. Gereji ilimwaga oili chafu chini. Fundi wa betri alimwaga tindikali yenye madini ya risasi. Magari yalichoma petroli yenye risasi hadi Kenya ilipoiondoa mwishoni mwa 2005, na risasi iliyotoka kwenye ekzosi kwa miongo hiyo ilitua kando ya barabara kuu, ikabaki. Mapaa ya asbesto yaliwekwa kwenye nyumba nyingi za serikali nchini, na kanuni za taka za 2006 ziliiorodhesha asbesto miongoni mwa taka hatari. Nyumba kama hiyo ikibomolewa kwa nyundo, nyuzi za asbesto huingia kwenye udongo wa ploti mpya.

Chuo Kikuu cha Kisii kilipopewa hati yake mnamo 2013, wanafunzi walihitaji vyumba, na mabweni ya binafsi yakateremka upesi kuelekea Nyakomisaro. Ugatuzi uliofanya Kisii na Nyamira kuwa kaunti kamili ulileta ofisi, makandarasi na biashara. Mji wa Keroka, ambao mpaka wa kaunti umeupita katikati, umegombaniwa mapato yake na pande zote mbili. Mashimo yaliyochimbwa murram na udongo wa matofali yakawa rahisi kujazwa taka za soko, kufunikwa na kusawazishwa. Miaka kumi baadaye, asiyejua huona uwanja tambarare mzuri wa kujenga. Chini yake taka zinaoza na kutoa gesi ya methani, inayoweza kupenya ufa wa sakafu na kukusanyika chumbani.

Dunia ilivyojifunza kwa machozi

Mataifa mengine yalifika hapa mapema, na bei yaliyolipa imeandikwa. Katika mji wa Niagara Falls, Marekani, kampuni ya Hooker Chemical ilizika takriban tani 21,000 za taka za kemikali katika mfereji wa zamani uitwao Love Canal kati ya 1942 na 1953. Kisha iliuza kiwanja kwa bodi ya shule kwa dola moja. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Mnamo Agosti 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura, familia zikahamishwa, na kelele za akina mama wa mtaa huo zilichangia kuzaliwa kwa sheria ya usafishaji ya 1980. Mwaka huohuo wa 1980, huko Lekkerkerk, Uholanzi, mtaa mpya uligundulika kuwa umejengwa juu ya mapipa ya taka za kemikali. Zaidi ya familia 250 zilihamishwa.

Kesi inayofanana zaidi na ya Gusii iko Australia. Kaskazini mashariki mwa jimbo la New South Wales kulikuwa na zaidi ya majosho 1,600 ya kuua kupe, yaliyotumia aseniki na baadaye DDT. Mashamba yalipokatwa kuwa viwanja vya nyumba, watu walijikuta na majosho uani. Serikali ya jimbo iliunda kamati maalumu, ikaandaa orodha ya kila josho, ikapima, ikaamua lipi lichimbwe, lipi lifunikwe, na lipi lizungushiwe uzio. New Zealand nayo ilikadiria kuwa ina hadi majosho 50,000 ya kondoo. Nchi hizo hazikuanza na mashine za gharama. Zilianza na orodha.

Kuna onyo pia kwa wenye haraka ya kusafisha. Mjini Corby, Uingereza, kiwanda cha chuma kilifungwa mnamo 1980, na halmashauri ikaanza kukisafisha kiwanja chake kwa ajili ya matumizi mapya. Tope lenye sumu lilibebwa kwa malori yasiyofunikwa, likamwagika barabarani, likakauka, likawa vumbi. Mnamo Julai 2009 mahakama iliamua kuwa halmashauri ilifanya uzembe, katika kesi iliyofunguliwa na vijana waliozaliwa na kasoro za mikono na miguu. Sumu iliyotulia inaweza kuwa salama kuliko sumu iliyofukuliwa ovyo.

Kenya ina makovu yake. Huko Dandora, uchunguzi wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa mnamo 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa, na karibu nusu walikutwa na risasi ya kiwango cha juu katika damu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia risasi katika udongo, maji na damu za watu. Mama Phyllis Omido aliongoza vita vya wanakijiji, mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mnamo Julai 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha mnamo Desemba 2024. Huko Thange, Makueni, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba la Mombasa hadi Nairobi, na kugunduliwa mnamo 2015, yaliharibu maji ya kijiji kizima.

Sheria inauliza nusu ya swali

Kenya haikosi sheria. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya 1999 ilianzisha mamlaka ya NEMA na kuagiza tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi mkubwa. Kanuni zake zilitoka 2003, na mwaka 2019 miradi ikapangwa upya kwa kiwango cha hatari. Katiba ya 2010 ilimpa kila mtu haki ya mazingira safi na salama katika kifungu cha 42, na njia ya kwenda mahakamani katika kifungu cha 70. Sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024 iliweka tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara ili majengo yainuke kila kaunti, na hapo haja ya viwanja ikazidi.

Lakini swali kuu la tathmini ya athari kwa mazingira limekuwa: mradi huu utayafanyia nini mazingira? Maji taka yatakwenda wapi, kelele zitakuwa kiasi gani, miti mingapi itakatwa. Swali la pili, ambalo ni la uhai wa mwenye nyumba, hujibiwa kwa ufupi: ardhi hii itamfanyia nini atakayelala juu yake? Na sehemu kubwa ya ujenzi wa Gusii haimhusu mkandarasi mkubwa hata kidogo. Ni mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara anayejenga ploti yake mwenyewe, vyumba sita vya kupangisha, na hakuna afisa anayemuuliza chochote juu ya josho.

Namna ya kuuliza

Wataalamu wanalipanga swali kwa vipande vitatu: chanzo cha sumu, njia inayopitia, na mtu inayemfikia. Kikikosekana kimoja, hatari inapungua au kwisha. Gusii ina njia zake, na anayepima lazima azijue. Mtoto hutambaa na kutia vidole mdomoni. Mjamzito hula udongo, desturi iliyoenea magharibi mwa Kenya. Mama hupanda mboga za chinsaga na rinagu kando ya nyumba, na udongo hupanda pamoja na majani hadi chunguni. Familia huchota maji kwenye chemchemi bondeni. Tathmini iliyonakiliwa kutoka mji wa ng'ambo, ambako watu hununua mboga dukani na maji ya mfereji, itazikosa njia hizo zote.

Kazi huanza bila koleo. Hatua ya kwanza ni historia: ramani za zamani, picha za angani, kumbukumbu za ofisi ya mifugo na za vyama vya ushirika, na wazee. Profesa William Ochieng' alipoandika historia ya Abagusii ya kabla ya ukoloni, iliyochapishwa 1974, alitegemea masimulizi ya wazee. Njia hiyohiyo inafaa hapa. Aliyekuwa kijana wa josho mwaka 1970 anajua tope lilimwagwa upande gani, na hakuna mashine inayoweza kumshinda kwa hilo. Kisha mpimaji hutembea kiwanja kizima akitafuta saruji iliyozikwa, udongo wenye rangi tofauti, harufu ya mafuta, mahali ambapo majani hayaoti au yanaota kupita kiasi.

Historia ikionyesha shaka, sampuli huchukuliwa: za juu, sentimita kumi na tano za kwanza anazogusa mtoto, na za chini zaidi, karibu na josho na mbali nalo, ili tofauti ionekane. Maabara hupima aseniki, risasi na masalia ya dawa. Vipo vigezo vya kulinganishia. Kwa risasi katika udongo wa makazi, shirika la mazingira la Marekani liliteremsha kiwango chake cha tahadhari kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200 mnamo Januari 2024. Kwa aseniki katika maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 10 kwa lita.

Matokeo mabaya hayamaanishi kiwanja kimekufa. Penye sumu panaweza kuwekwa saruji pakawa mahali pa kuegesha magari, bustani ikahamishiwa upande mwingine au ikajazwa udongo safi juu ya kitambaa cha kutenganisha. Udongo wenye sumu kali huondolewa ukiwa umelowa na kufunikwa, ukapelekwa panaporuhusiwa, ili Corby isijirudie. Jambo la hatari kuliko yote ni lile linalofanywa kwa nia njema: kulibomoa josho na kulisambaza tope lake shambani kama mbolea.

Gharama ya kupima sampuli chache ni ndogo mno mbele ya gharama ya nyumba ya ghorofa moja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa udongo wenye sumu, mjukuu ndiye anayeuweka mdomoni.

Kaunti hizi mbili zinaweza kufanya sasa jambo ambalo New South Wales ililifanya kwa kuchelewa. Serikali za Kisii na Nyamira, pamoja na machifu na wazee wa vijiji, zitengeneze orodha ya kila josho, kila ghala la dawa la ushirika, kila jaa na kila shimo lililojazwa, liwe linatumika au limezikwa. Orodha hiyo ikae katika ofisi ya ardhi, wazi kwa mnunuzi yeyote, na kibali cha kujenga kisitolewe juu ya kiwanja kilichomo bila majibu ya maabara. Walioendesha majosho ya miaka ya 1960 na 1970 sasa ni wazee wa umri mkubwa, na kila mwaka tunawazika wakiwa na ramani hiyo kichwani. Waulizwe mwaka huu, kwa majina ya vijiji vyao, na majibu yao yaandikwe.